Maji ya Kwanza ya Mboga ya Pwani

Fumbeni macho, wanangu, muone mboga ya pwani imetambaa mchangani, majani yake manene kama vidole vya mtoto.

Mwaka wa ukame, Mwanakombo na bintiye Mize hawakuwa na chakula kingine. Mwanakombo alipoichuma mboga hiyo, jini mwenye nywele za mwani akamtokea.

"Chuma, mama. Lakini maji ya kwanza ya kuchemshia nimwagie mimi, niichukue chumvi."

Siku ya kwanza alimwaga, akaipika upya kwa tui, wakala. Siku ya pili alimwaga, wakala. Siku ya tatu kisima kilikauka, ikabaki kata moja ya maji.

"Ukiyamwaga haya, mama, utapikia nini tena?" Mize aliuliza.

Mwanakombo aliichemsha mboga kwa kata hiyo.

Hakuyamwaga. Wakala mboga na chumvi yake yote.

"Mama, maji!" Mize alilia. Hayakuwepo.

Jini naye alilia. "Mimi ningewasamehe, mama. Chumvi haijui kusamehe."

Kulipokucha, pale alipolala Mize palikuwa na mboga changa, yenye ua moja la rangi ya waridi.

Basi mkiichemsha mboga hiyo, wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja: maji ya kwanza yaacheni yapoe kabla ya kuyamwaga mchangani, Mize asije akaungua.