Siwa Mbele ya Ndege Isiyoonekana

Hapo zamani ambazo si za kale sana, maana ndege za chuma zilikuwa zimekwisha kuruka na mawaziri walikuwa wamekwisha kuwa wengi, palikuwa na nchi iitwayo Kitokwe, na mtawala wake alikuwa Sultani Ghanimu. Sultani huyu alikuwa na kila kitu isipokuwa ndege ya vita, na jirani zake wote walikuwa nayo, basi usiku hakuwa akilala vizuri. Akamwita fundi mkuu wa nchi, mwanamke aitwaye Bi Saada, akamwambia, "Nataka ndege itakayopigana angani, ipige shabaha ardhini, ipeleleze, na isionekane na rada ya mtu yeyote."

"Yawezekana, Maulana," akajibu Bi Saada. "Rada hurusha mawimbi, nayo yakigonga chuma hurudi kusema kilipo. Nitaifanya ndege iwe laini, pembe zake ziyapeleke mawimbi kando, na silaha zote zikae ndani ya tumbo. Ila tumbo ni dogo. Tukizidisha mabomu, mafuta yatapungua, na tukizidisha mafuta, mabomu yatapungua. Na tukitundika chochote nje, itaonekana."

"Vema sana," akasema Sultani, ambaye aliacha kusikiliza pale kwenye "yawezekana".

Basi ikaundwa kamati, kwa sababu katika Kitokwe hata kisima hakichimbwi bila kamati. Waziri wa Vita akataka mabomu kumi na mawili yaning'inie chini ya mabawa, ili wananchi wayaone siku ya gwaride. Waziri wa Hazina akataka ndege ibebe na karafuu, isije ikarudi tupu kama mkokoteni wa mvivu. Waziri wa Itifaki, mzee mwembamba aliyejua nani aketi wapi tangu enzi za mababu, akakumbusha kwamba hakuna chombo cha Sultani kinachotoka bila kutanguliwa na siwa, lile baragumu la pembe ya ndovu, kwa hiyo siwa ipulizwe mbele ya ndege mpaka ifike kwa adui. Na Sultani mwenyewe akataka kiti chenye mwavuli.

Bi Saada akasema, "Hiyo si ndege, hiyo ni harusi."

Mawaziri wakanuna. Sultani akaghadhibika, akasema, "Ikifika Ijumaa, ama uniletee mchoro wa ndege yenye yote haya na isiyoonekana, ama uingie ngomeni, wala hutatoka mpaka nife. Na mimi, alhamdulillahi, afya yangu ni nzuri."

Katika mji huo palikuwa na fukara mmoja, jina lake Mshamu, na kazi yake ilikuwa kudoea. Alijua kila jiko linapakua saa ngapi, akaingia na kutoka bila mtu kumwona. Kwa Bi Saada peke yake ndiko alikokaribishwa. Siku hiyo alimkuta ameketi kando ya chungu kitupu, macho mekundu.

"Dada, leo hakuna chakula?"

"Leo kuna ngome," akasema Bi Saada, akamweleza yote.

Mshamu akakitazama chungu kwa huzuni, akasema, "Ngoja niende nikaseme na wakubwa."

Alipofika barazani Sultani akamuuliza, "Ewe Mshamu, umekuja kula au kusema?"

"Nimekuja kusema, Maulana, lakini kama chakula kipo sitakivunjia heshima. Ndege yako nitaijaribu mimi, tena kwa miguu, kwa kuwa mafuta ni ghali. Mimi nitakuwa ndege. Nikipita na mizigo yote nisionekane, mfunge Bi Saada, maana atakuwa ametudanganya. Nikionekana, mwache aunde ndege aijuavyo yeye."

Waziri wa Hazina, aliposikia jaribio halina gharama, akasema kwa niaba ya kamati nzima, "Tumekubali."

"Nami naapa," akasema Sultani. "Na rada atakuwa nani?"

"Mtu ambaye hakuna kitu kinachompita, Maulana."

Mawaziri wote wakatazama zulia. Sultani akasema kwa sauti ndogo, "Mama mkwe."

Bibi Rukiya, mama wa mke wa Sultani, alikaa nyuma ya jumba la kifalme, na ilisemekana aliweza kusikia paka akiwaza. Na desturi ni desturi, mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Afadhali apoteze wilaya.

Mshamu akasema kwanza ataruka bila mizigo yao, mpaka jikoni kwa Bibi Rukiya na kurudi. Akaikaza kanzu ikambana, akaambaa ukuta pekupeku, na wakubwa wakichungulia dirishani. Punde akarudi, mikono mitupu. Waziri wa Vita akacheka, "Hana kitu huyu!" Mshamu akavua kofia, na juu ya utosi palikuwa na sambusa inayofuka moshi.

"Moja tu?"

"Kofia haimezi zaidi, Bwana Waziri, na utosi umekwisha kuungua. Lakini Bibi bado anadhani sambusa zake zimetimia. Sasa nipakieni."

Basi wakampakia. Masufuria kumi na mawili yakaning'inizwa mikononi mwake yawe mabomu, na gunia la karafuu likafungwa kiunoni. Waziri wa Itifaki akaichukua siwa mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine mwenye haki ya kuipuliza.

"Bado kiti cha Maulana," akasema Mshamu, akachutama.

Sultani akasita. "Mimi? Kwa mama mkwe?"

"Maulana asipopanda, jaribio halikutimia, na kamati itabidi ikae tena."

Sultani akawaza juu ya mama mkwe, akawaza juu ya kamati, akapanda mabegani na mwavuli wake.

Ikawa wanatoka, siwa ikilia mbele, masufuria yakigongana, karafuu zikimwagika njiani, na Sultani akiyumba juu kama mnara wakati wa tetemeko. Walipofika mlangoni pa jiko walimkuta Bibi Rukiya amekwisha simama, mwiko mkononi.

"Ghanimu mwanangu, ni wewe huko juu?"

"Shikamoo, mama," ikasema sauti kutoka chini ya mwavuli.

"Utaniamkiaje na umenikalia kichwani? Shuka!"

Sultani akashuka pamoja na masufuria matatu.

"Mmefuata nini jikoni kwangu?"

Mshamu akajibu kwa adabu, "Tumekuja kuiba sambusa, Bibi, bila wewe kujua."

Bibi Rukiya akamgeukia Waziri wa Itifaki. "Na wewe unapuliza nini?"

"Desturi, Bibi."

"Mwizi na siwa! Lete hilo pembe, shika mwiko, ukoroge mchuzi, unaungua."

Waziri akashika mwiko. Waziri wa Vita akaanza kufungua masufuria yake bila kuambiwa, naye Waziri wa Hazina akasema lile gunia la karafuu tangu mwanzo lilikuwa zawadi.

"Liweke pale," akasema Bibi.

Sultani alisimama ameinama, mabega yakimtikisika, wote wakadhani analia kwa aibu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

"Mshamu, umeonekana!"

"Hata viziwi wameniona, Maulana."

"Basi Bi Saada yu huru, na aunde aijuavyo. Nawe kuanzia leo utakula jumbani kwangu."

Bi Saada akaitwa, akakuta Waziri wa Itifaki anakoroga, jasho linamtoka. Sultani akamuuliza kwa upole, "Fundi, nimeondoa kiti, mabomu ya nje na karafuu. Lakini siwa ni ya mababu, siwezi kuivunja. Tufanyeje?"

"Ipulizwe, Maulana, ndege ikisharudi."

Ikawa hivyo. Ndege ya Kitokwe ina tumbo dogo, haiendi mbali sana, na kila irudipo ngozi yake hupakwa dawa na kutunzwa kama bibi harusi. Lakini jirani wakisikia siwa inalia, hukimbilia rada zao, nazo huwaambia kwamba leo hakuna kilichoruka.