Posa ya Koa wa Gogoni

Paukwa!
— Pakawa!
Ardhi ilikuwa kavu?
— Ikalowa!
Aliyejificha je?
— Akatoka!

Basi hapo kale, kwenye bonde la migomba lenye ukungu, walibaki koa wawili tu. Koa mnamjua? Ndugu yake konokono, yule asiye na nyumba mgongoni. Ana kijoho chake kidogo begani na ute wake nyuma, basi. Mmoja aliishi chini ya gogo, mwingine chini ya jiwe. Na mshenga wa bonde zima alikuwa Mzee Jongoo. Nani amshinde? Ushenga ni miguu, na miguu anayo!

Siku moja Koa wa Gogoni akamwita.

“Mzee, masika yanaisha. Jua likiwaka nitazama udongoni, na kwa uzee huu sijui kama nitatoka tena. Kaniposee Koa wa Jiweni. Tukifa bila watoto, koa wamekwisha bondeni.”

“Niachie mimi, mwanangu.”

Jongoo akaenda, akaenda, akaenda. Akafika jiweni. “Hodi!” Kimya. “Hodi wenyewe!” Kimya. Akachungulia. Koa kakunja pembe zake zote nne, kichwa kakificha chini ya joho. Upande wa kulia wa joho pana kitundu, ki wazi.

“Alaa! Sikio hili hapa.”

Na mila ya kule, posa hunong'onwa sikioni. Jongoo akanong'ona. Kitundu kikafumba. Kikafumbuka, akanong'ona tena. Kikafumba. Akanong'ona mara ya tatu, kikafumba kabisa! Sasa enyi wenzangu, mtu akikuzibia sikio mara tatu, unangoja nini? Jongoo akarudi kichwa chini.

“Mjumbe hauawi, mwanangu. Amekataa.”

Koa wa Gogoni akalia hadi pembe zikanywea.

Kulipopambazuka, Jongoo akasikia anaitwa. Na nani? Na Koa wa Jiweni!

“Shikamoo, Mzee. Kaniposee Koa wa Gogoni.”

“Marahaba. We! Si jana ulikataa? Nimenong'ona, ukaziba sikio!”

“Sikio? Hiyo pua yangu, Mzee! Nilikuwa nimelala, navuta pumzi.”

Pua, ubavuni! Jongoo akakaa kitako.

“Haya. Lakini bibi harusi haposi, huposwa.”

“Nani kasema mimi bibi harusi?”

“Kumbe wewe ndiye bwana?”

“Ndiye.”

“Basi bibi ni wa Gogoni?”

“Ndiye. Na mimi pia.”

Jongoo akakimbia gogoni. “Hebu nieleze, wewe ni bwana harusi?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Au bibi harusi?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Mshika mbili moja humponyoka!”

“Sisi haituponyoki, Mzee. Ndivyo tulivyoumbwa.”

Maskini Jongoo! Hakujua ashike lipi, aache lipi. Mila inasema bibi hukaa ndani, bwana huja mlangoni. Sasa akae nani, aje nani? Wakija wote, nyumbani hakuna mtu. Wakikaa wote, hakuna harusi. Juu, mawingu yanapasuka, jua linachungulia.

“Kaeni kila mtu kwake!” akapiga kelele. “Asitoke mtu mpaka nijue yupi ni yupi!”

Akajikunja kama kata ya kutwikia mtungi kichwani, awaze. Akawaza, akachoka. Akawaza, akasinzia. Akawaza, akalala fofofo.

Alipojikunjua, jua linachoma. Mbio gogoni: hamna mtu. Mbio jiweni: hamna mtu. Akapiga yowe. “Nimewaua! Nimewamaliza koa wa bonde hili kwa kuwaza!”

Ndipo akaona ute unang'aa, umetoka gogoni. Na mwingine umetoka jiweni. Akaufuata. Njia mbili zikakutana katikati, chini ya jani bovu la mgomba, zikazungukana hata huwezi kusema hii ya nani. Akafunua jani. Koa wote wawili wa hai, wamejibanza penye unyevu. Huyu ana rundo la mayai meupe. Na yule ana lake!

“Jamani,” Jongoo akasema, “nimpongeze nani kwa kuoa? Nani kwa kuolewa?”

Koa wa Gogoni akanyoosha pembe.

“Mzee wetu, wewe ulikuwa unatafuta bibi na bwana. Sisi tulikuwa tunatafutana.”

Hadithi imekwisha, ulimi umechoka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mwachieni Jongoo, bado anaiwaza.