Kilori Kilichozishinda Pikapu Mbili

Fungeni Biblia zenu kidogo, wapendwa. Somo tumelisoma na tutalirudia. Sasa nataka kuwapa mfano, na mfano wenyewe una moshi wa dizeli ndani yake, kwa hiyo kina mama wa kwaya mtanivumilia. Na ninyi mafundi magari mliokaa pale nyuma, msinisahihishe mpaka nimalize.

Zamani, kabla lami haijafika, palikuwa na kijiji chini ya milima, na kijiji hicho kilikuwa na pikapu mbili tu za maana. Nasema za maana. Siku hizi magari ni mengi mpaka hatugeuki tena yakipita. Enzi zile pikapu ya dizeli ilikuwa kama ndugu, ilikuwa na jina lake. Mliokua nyakati zile mnakumbuka: asubuhi ya baridi, dereva anawasha hita ya kupasha injini kwanza, anasubiri kile kitaa cha njano kizime, ndipo anapiga stata. Moshi wa kwanza unaingia mpaka jikoni, na mama hagombi. Mimi mpaka leo nikiisikia harufu ile, moyo unarudi nyumbani. Sijui kwa nini, na sioni aibu kusema.

Pikapu ya kwanza iliitwa Ngurumo. Injini ya silinda sita, haina tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, nzito, ikipanda mlima inakwenda polepole lakini haikati tamaa. Ya pili iliitwa Mluzi. Hiyo ilikuwa na silinda nne, ila ina tabo, na ikikanyagwa mafuta inapiga mluzi unaosikika ng'ambo ya korongo. Wenye pikapu hizo walikuwa mashemeji, mmoja kamwoa dada wa mwenzake, na kila jioni ubishi wao ulikuwa uleule.

"Shemeji, hiyo yako inajua kukimbia tu," anasema mwenye Ngurumo. "Kuvuta si kukimbia."

"Na hiyo yako inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka machungani," anajibu mwenye Mluzi. "Mimi navuta tela la matofali mpaka juu kwenye shule, na mafuta ya kurudia ninayo."

Kijiji kizima kikagawanyika. Vijana wanabishana kisimani, wazee wanabishana kwenye bao: ipi ina nguvu zaidi ya kuvuta? Lakini ulikuwa ubishi wa watu wanaopendana. Wakimaliza, wanakula sahani moja. Mzee wangu pale mbele, naona unacheka. Ungekuwa upande gani? Ngurumo! Nilijua tu.

Basi mwaka mmoja kijiji kikanunua mashine ya kusaga. Ninyi vijana mnaelewa maana yake? Mama zenu walikuwa wanajitwika mahindi kichwani, wanatoka alfajiri, wanarudi jua linazama, na watoto nyumbani wanalilia ugali. Watu wakauza mbuzi, wengine wakauza vitenge ambavyo hata hawajavivaa, mashine ikapatikana. Ya pili isingepatikana tena. Wakaipakia kwenye kilori cha jirani yao mmoja, mtu mwaminifu, mwangalifu kupita kiasi, aliyeaminiwa na kila mtu.

Njiani kuja kijijini kilori kikaingia korongoni, na katikati ya korongo, kwenye mchanga uliolowa, kikazimika. Fundi akajaribu, kikagoma. Na kule milimani wingu limekwisha kuwa jeusi. Mliokulia chini ya mlima hamhitaji kuambiwa. Mvua inanyesha kule juu, huku chini jua linawaka, halafu maji yanashuka na hayabishi hodi.

Zikaitwa pikapu. Mwenye kilori akapanda, akashika usukani, akatoa kichwa dirishani. "Nivuteni, ndugu zangu! Nivuteni, msiniache hapa!" Alikuwa anataka kutoka kweli, hakuwa anaigiza.

Ngurumo ikafungwa mnyororo. Ikavuta. Magurudumu yakachimba, moshi ukapanda, kilori kikatikisika kikabaki palepale. Watu wa Mluzi wakacheka. Ikaja Mluzi, ikapiga mluzi wake wote, klachi ikaanza kunuka, kilori palepale. Watu wa Ngurumo nao wakacheka. Kicheko kile, wapendwa, hakikuwa tena kile cha kwenye bao.

"Injini yako ni mzoga," akasema mwenye Mluzi.

"Na wewe una domo, huna gari," akajibu mwenye Ngurumo, na safari hii hakusema shemeji.

Wakazifunga zote mbili kwa pamoja, Ngurumo mbele, Mluzi nyuma yake, na mnyororo mpaka kwenye kilori. Zikavuta zote. Kilori kikasogea kidogo, kikalia, kikasimama. Kwenye boneti ya Ngurumo ukaanza kutoka mvuke mweupe. Mwenyewe akauona, akaendelea kukanyaga mafuta, kwa sababu alikwisha kuyasikia maji. Wote waliyasikia. Yule mwenye kilori mkewe alikuwa ukingoni, akapiga ukelele: "Baba, ruka! Achana na gari, ruka!"

Akaruka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kabla miguu yake haijagusa mchanga, kilori kikaondoka. Kikaondoka hivihivi, hakina mtu ndani, kikafuata nyayo za magurudumu ya pikapu zilizokivuta, kikapanda ukingo na mashine yake mgongoni, maji yakapita nyuma yake. Yeye mwenyewe alipanda ukingo kwa magoti, kalowa mpaka kiunoni.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wenye pikapu hawakupiga. Mwenye Ngurumo akashuka, akamfuata yule bwana, akamwuliza taratibu kabisa:

"Kaka, ulipokuwa mle ndani, mguu wako ulikuwa wapi?"

Yule bwana akainamisha macho. "Kwenye breki."

"Muda wote?"

"Muda wote. Nilijisemea, mnyororo ukikatika nitarudi nyuma na mali ya watu. Nikawa nimekanyaga kidogo tu, kwa tahadhari."

Kidogo tu! Kwa tahadhari! Mtu analia avutwe, na mguu wake mwenyewe unakataa.

Injini ya Ngurumo haikuwaka tena tangu siku ile. Ilirudi nyumbani inavutwa na Mluzi kwa mnyororo uleule, na wale mashemeji wawili hawakutaniana njia nzima. Kijiji kilipata unga, ndiyo. Lakini asubuhi za baridi, upande wa Ngurumo palikuwa kimya, na watu wazima walikuwa wanasimama mlangoni wakiusikiliza ukimya ule.

Haya, tuje kwetu sisi.

Mnafikiri siyasikii maneno yenu pale nje baada ya ibada? Kuta za kanisa hili si nene. "Mchungaji wetu wa zamani, yule ndiye alikuwa na nguvu. Huyu wa sasa anapiga mluzi tu." Mwingine anasema hapana, twende mjini, kuna mhubiri kule ukimsikia mara moja tu unabadilika. Tunapima injini, wapendwa. Tunazungukia makanisa tukipima injini.

Mimi sitabishana nanyi. Yule mchungaji wa zamani alikuwa na nguvu kunishinda. Mimi pia namkumbuka. Nakumbuka baiskeli yake pale ukutani, nakumbuka alivyokuwa anafuta miwani kwa shati kabla ya kusoma, na siku nyingine nikipanda hapa najiona mdogo. Natamani angekuwepo. Natamani sana.

Lakini niambieni ukweli. Alituvuta au hakutuvuta? Alituvuta! Alihubiri kusamehe mpaka sauti ikakauka. Tukalia. Tukasema amina, tukapangusa machozi kwa kanga. Halafu tukaenda nyumbani, na yule ndugu tuliyemnunia kwa ajili ya mpaka wa shamba, tukaendelea kumnunia. Jumapili iliyofuata akatuvuta tena. Tukalia tena, na mguu tukauacha palepale, kidogo tu, kwa tahadhari. Maana nikisamehe, akinirudia je?

Mwaka hadi mwaka yule mzee alikuwa anavuta, na sisi tumekanyaga. Leo tunasema hayupo tena mtu kama yeye, na machozi yanatutoka. Kuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza ni nani aliyemchosha?

Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi ndio tuliomchosha. Na huko mbinguni hakuna injini iliyopungukiwa nguvu, mniwie radhi kwa lugha ya gereji.

Kwa hiyo leo simwombi Mungu atutumie mhubiri mwenye nguvu zaidi. Wala siwaiti mje mbele, maana kuja mbele tumezoea, tunakuja na kurudi. Kila mmoja wetu anaijua breki yake, na jina la aliyemnunia analijua. Kama mtu huyo yumo humu ndani asubuhi hii, inuka umfuate pale alipokaa, sasa hivi, usingoje amina. Kwaya, msianze wimbo. Tutawasubiri wanaoinuka.