Mawe Meupe ya Kona ya Mchongoma

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na ofisi na mihuri kama sisi, aliishi digidigi mmoja mjane, jina lake Bi. Siwema. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye miguu mirefu ikunje, mwenzako hana pa kukaa.

Digidigi mnamjua? Ni paa mdogo, mdogo hasa. Akisimama kando ya nyati, utadhani nyati kaangusha kitu. Tena digidigi hawaishi kwa makundi. Huishi wawili wawili, mume na mke, basi. Ndiyo maana mmoja akiondoka, anayebaki hubaki peke yake kweli kweli.

Nyumba ya Bi. Siwema ilikuwa kando ya barabara kuu ya Nyikapana, pale Kona ya Mchongoma. Barabara ilishuka kilima, ikapinda ghafla nyuma ya kichaka cha michongoma, kisha ikaenda zake mtoni. Waliokuwa wakiitumia zaidi ni nyumbu, na nyumbu wa huko hawakujua kutembea. Pu-pu-pu-pu-pu! Walishuka mia kwa mia, vichwa chini, vumbi juu, wala hakuna aliyeangalia nani anavuka.

Mumewe Bi. Siwema, Mzee Kombo, siku moja alikuwa anavuka. Zilimbakia hatua mbili tu. Puu! Ikawa ndiyo mwisho wake.

Baada ya matanga, majirani wakahamia ng'ambo mmoja mmoja, wakisema upande huu una mkosi. Bi. Siwema hakuhama. Nyumba ile aliijenga Kombo, na kaburi la Kombo lilikuwa uani. Angemwacha na nani?

Binti yake wa pekee, Mashavu, alikuwa ameolewa huko huko ng'ambo. Kutoka mlango wa mama hadi mlango wa binti ni hatua sitini. Sitini tu, wanangu! Lakini kila Bi. Siwema alipokanyaga ukingo wa barabara, miguu ilimtetemeka, akarudi nyuma. Na Mashavu, aliyekuwa na mimba kubwa, naye hakuthubutu. Ikabidi wasalimiane kwa kelele.

"Mamaaa! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu! Umeamkaje?"

"Salama! Ila mgongo una—"

Pu-pu-pu-pu-pu! Nyumbu hao. Vumbi likitulia, Mashavu ameshaingia ndani, na Bi. Siwema hajui mgongo una nini. Atashinda siku nzima anawaza.

Asubuhi moja sauti ilikuja nyembamba, ya uchovu. "Mamaaa! Nimejifungua! Mtoto wa kike!"

"Alhamdulillahi! Anafanana na nani?"

Pu-pu-pu-pu-pu!

Alisubiri jibu mpaka jua likawa kali. Halikuja. Mnajua mzazi anavyotakiwa kulelewa siku arobaini? Kukandwa, kupikiwa uji wa moto, kubebewa mtoto ili naye apate usingizi. Kazi hiyo ni ya mama yake. Bi. Siwema alipika uji siku ile, akaukoroga vizuri, akaunywa mwenyewe huku machozi yanamtoka.

Akafuta macho, akachukua barua yake, akapanda kwenda Halmashauri ya Nyikapana. Bahati nzuri ofisi ilikuwa upande wake wa barabara. Bahati mbaya, ofisini alikuwepo Karani Ngiri.

"Aha, Bi. Siwema! Karibu, mama. Barua ile ile?"

"Ile ile, karani. Tunaomba tuta moja tu pale konani. Na kile kichaka kikatwe, tuwaone wanaokuja."

"Limepokelewa!" Ngiri akachovya kwato kwenye tope, akagonga barua. Pa! "Linashughulikiwa!"

"Karani, barua hii ina kwato zako tano sasa. Hata maandishi hayaonekani."

"Si unaona, mama? Hiyo ni dalili kwamba linashughulikiwa sana."

Bi. Siwema akabaki amesimama. Mlango wa ndani ulikuwa wazi, na humo Mhandisi Kiboko alikuwa akijisifu mbele ya Mwenyekiti Nyati.

"Unakumbuka, Mheshimiwa, ule mwaka aliokuja Tembo Mkuu? Siku tatu! Mashimo yote tukayafukia! Mawe yote tukayapaka chokaa, yakang'aa kama meno!"

"Ile ilikuwa kazi," Nyati akasema. "Ingawa taarifa ilichelewa kunifikia. Nilikaribia kuaibika. Mtu atakujaje kwangu, mimi nisijue?"

Bi. Siwema alikunja barua yake taratibu, akaaga, akashuka kilima. Hakuwa akilia tena.

Kesho yake alfajiri alikoroga majivu meupe kwa maji, akafunga kanga kiunoni, akatoka na ufagio. Akafagia kando ya barabara, fya, fya, fya. Kisha akaanza kupaka mawe. Jiwe la kwanza, jeupe. La pili, jeupe. Akaweka na matawi mabichi huku na huku.

Wiki nne zikapita hivyo. Mawe yakawa safu. Watu wa nyumba nyingine wakiamka husalimiana. Yeye alisalimiana na ufagio wake, akaendelea.

Siku moja Karani Ngiri akapita. Akasimama ghafla, nusura ajikwae.

"He! Kuna nini hapa, mama?"

"Nafagia, karani."

"Unafagia mpaka mawe yanavaa nguo nyeupe? Kwa ajili ya nani?"

Bi. Siwema akainua macho pole pole. "Karani, wewe ndiwe wa ofisini. Unaniuliza mimi, mjane wa pembezoni?"

Ngiri akameza mate. Gulu! Akakumbuka Mwenyekiti alivyochukia kuchelewa kupata taarifa. "Aaa, mimi najua! Najua sana! Nilikuwa nakupima tu." Akatimua mbio kupanda kilima, mkia umesimama wima.

Haikupita saa moja, wakashuka wote watatu, Nyati mbele, Kiboko akihema nyuma, Ngiri katikati. Bi. Siwema akaendelea kufagia kama hajawaona.

"Kwa hiyo ndiyo hapa atakapopita," Nyati akasema, akimtupia Kiboko jicho la pembeni.

"Ndiyo hapa, Mheshimiwa," Kiboko akajibu upesi, naye akimtazama Ngiri. "Kama tulivyoarifiwa."

"Kama tulivyoarifiwa," Ngiri akaitikia.

Msicheke, nyie. Hakuna aliyearifiwa hata mmoja! Lakini nani angeanza kusema hajui, na wenzake wote wanajua?

Nyati akakohoa. "Bi. Siwema, hujambo? Hebu tuambie, wewe umesikia atapita lini? Nataka nione kama inalingana na taarifa yangu."

"Sijambo, Mheshimiwa. Ninayemsubiri mimi atavuka Ijumaa ijayo, jua likiwa utosini." Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa arobaini ya mtoto, siku ya kutolewa nje. Alikuwa amezihesabu siku zote peke yake. Hakuwa amepanga lolote na Mashavu. Alitaja tu siku ambayo roho yake ilikuwa inaitaka.

"Inalingana!" Nyati akasema. "Na msafara wake?"

"Anakuja na mama yake."

"Oho! Na mama mzazi! Ni mzito?"

"Anatembea pole pole, Mheshimiwa. Hapendi vumbi. Na akishtuliwa na mbio za nyumbu, mama yake atamrudisha pale pale, na hakuna atakayemwona."

Nyati akageuka, pembe zinatetemeka. "Kiboko! Umesikia? Tuta! Weka tuta huku na tuta kule! Na kichaka hiki kinafanya nini hapa? Mgeni atajikwaruza!"

Weee! Mngeiona kazi! Kiboko alibeba tope rundo kwa rundo, akalilalia mpaka likashindiliwa. Michongoma ikang'olewa, krrak, krrak. Siku tatu, matuta mawili mapana, na katikati yake njia ya kuvukia iliyopangwa mawe meupe ya Bi. Siwema. Bi. Siwema alisimama mlangoni akitazama. Hakucheka. Alikuwa anahesabu siku tatu hizo, na uso wake haukuwa wa furaha.

Nyumbu wakaja kama kawaida. Pu-pu-pu-pu-puuu! Wa kwanza akapaa, akatua kwa kidevu.

"Nani kaweka kitu hiki?" akafoka, mdomo umejaa udongo. "Sisi tuna haraka!"

"Haraka ya kwenda wapi?" Nyati akanguruma. "Majani ni yale yale, mto ni ule ule! Tembea!"

Nyumbu wakatembea. Na walipotembea, wanangu, kukawa kimya.

Bi. Siwema alikuwa amesahau kimya kikoje. Akasogea ukingoni. Kwa mara ya kwanza tangu Kombo afe, akasikia mlango wa ng'ambo ukifunguliwa. Akasikia mtoto akipiga chafya, chi!

"Mashavu!" akaita. Hakuhitaji hata kupiga kelele.

"Mama?" Mashavu alishtuka. "Mama, mbona nakusikia hivi?"

"Ijumaa, jua likiwa utosini, mlete mjukuu wangu."

Mashavu akautazama ukingo wa barabara. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, pale ndipo alipokufa baba. Niliapa mwanangu hatapakanyaga."

"Najua, mwanangu."

"Sijui kama nitaweza, mama."

"Usipoweza sitakulaumu," Bi. Siwema akajibu, akarudi ndani, akafunga mlango, akalia sana.

Ijumaa ikafika. Wakazi wa Nyikapana walijaa pande zote mbili. Kanga, wale ndege wa madoadoa, walileta ngoma. Nyati alivaa shada la maua kwenye pembe, likamfunika jicho moja. Ngiri alishika hotuba ndefu. Jua likapanda, likafika utosini. Ng'ambo hakutokea mtu.

"Amechelewa," Kiboko akanong'ona.

"Wakubwa huchelewa," Nyati akasema.

Bi. Siwema alisimama peke yake ukingoni mwa barabara. Hakuna aliyemsemesha. Macho yake hayakuondoka kwenye mlango ule wa hatua sitini. Mara mlango ukafunguliwa.

Akatoka Mashavu. Nyuma yake kikatoka kitoto, miguu kama njiti, masikio makubwa kuliko uso. Kikafika barabarani, kikanusa jiwe jeupe, kikaliruka. Tik! Kikajikwaa, kikaanguka, kikainuka.

"Nyie! Tokeni barabarani!" Ngiri akapiga kelele. "Mgeni atapita wapi?"

Bi. Siwema akakanyaga barabara. Miguu ikatetemeka. Akapiga hatua. Akapita pale pale alipoanguka Kombo, akapita huku analia wazi mbele za watu, akafika katikati, akainamisha uso wake kwenye uso wa mjukuu.

"Anafanana na baba yako," akamwambia Mashavu. "Siku zote hizo nilikuwa nauliza tu anafanana na nani."

Ngoma ikanyamaza. Nyati akasogea, ua linaning'inia jichoni.

"Bi. Siwema. Mgeni yuko wapi?"

"Ndiye huyu, Mheshimiwa. Anaanza leo kutoka nje."

"Huyu? Umetudanganya!"

"Nimedanganya lipi? Nilisema atavuka Ijumaa, kavuka. Nilisema anakuja na mama yake, mama yake huyu hapa. Hapendi vumbi. Anatembea pole pole. Jina lake hamkuniuliza."

"Bomoa matuta!" Nyati akanguruma. "Sasa hivi! Yote!"

Kiboko akanyanyua mguu. Lakini Ngiri akamsogelea Mwenyekiti sikioni. "Mheshimiwa, tukibomoa watatuuliza tulikuwa tunamtegemea nani. Tutamtaja nani?"

Nyati akamtazama Ngiri. Akamtazama Kiboko. Kumbe wote watatu hawakujua! Wakati huo kanga walikuwa wameshaanza kuvuka na vifaranga vyao, na kobe nyuma yao, na majirani wa zamani wa Bi. Siwema wakiulizana kama nyumba zao za upande ule bado zina paa.

Nyati akanyang'anya ile hotuba, akapanda juu ya tuta. "Ndugu wananchi! Halmashauri yenu sikivu, kwa kuwajali nyinyi wanyonge, imewajengea matuta haya!"

Wananchi wakapiga makofi, maana matuta yalikuwa matuta. Alipomaliza, akashuka, akamwinamia Bi. Siwema. "Umefurahi sasa, mama? Kazi ya siku tatu tu."

"Nimeona, Mheshimiwa," Bi. Siwema akasema. "Siku tatu. Ile barua yangu ya kwato tano, aliyeiandika ni Kombo. Ukwato wa kwanza aligongewa yeye mwenyewe, akiwa mzima."

Mwenyekiti Nyati akalivua lile shada la maua lililokuwa kwenye pembe. Bi. Siwema akamsukuma mjukuu kwa pua, taratibu, wakaelekea nyumbani, watatu, ilhali na Kombo wangekuwa wanne.

Hapo ndipo nilipowaacha mimi, na ninachowaomba ni hiki: mkija kukalia viti vya wakubwa, mtengenezeeni njia mwenyeji angali hai, msingoje mgeni.