Kwa Nini Wazee Hukosa Choo

Enyi mliojaaliwa wazazi walio hai, tegeni masikio. Katika zama za kale tumbo la mzee lilikuwa tiifu kama la mtoto. Na kwa kuwa choo kilichimbwa mbali na nyumba, ilikuwa ada kwamba mwana amshike mkono mzazi wake na kumpeleka kila alipohitaji.

Bibi Mwanasiti, mjane aliyeondokewa na nuru ya macho, aliishi kwa mwanawe Makungu. Kila baada ya sala ya alfajiri alikunywa maji, akala papai, kisha akaita. Makungu alimpeleka. Lakini mkono ule uliomfundisha kutembea ulianza kumchosha. Siku moja, mbele ya wageni waliokuja kumposa binti wa Makungu, mama aliita tena baada ya kitambo kidogo tu.

"Mama, hicho choo kimekuoa?" akasema Makungu.

Wageni wakacheka. Bibi Mwanasiti naye akacheka, asije akamwaibisha mwanawe. Lakini jioni ile alipoletewa maji aliyarudisha.

"Sina kiu, mwanangu."

Papai nalo akalisukuma kando, akisema meno yamelikataa. Hakuna aliyemdadisi. Nyumba ikatulia, na utulivu ule ukampendeza Makungu. Tumbo la mama likakauka, likajaa, likawa gumu kama udongo uliochomwa. Alipoanza kuugulia, mwanawe alimnywesha shubiri kali, kwa maana dawa hunyweshwa mara moja, bali mkono hushikwa kila siku. Dawa ikamsokota pasipo kumfungua.

Ndipo Makungu alipopiga magoti na kata ya maji mkononi. "Kunywa, mama, nakusihi."

"Sasa wanipa maji, baba," akajibu taratibu. "Na nani atanipeleka?"

Makungu alikuwa angali akimnyoshea mkono ili amwinue mama alipokata roho.

Wahenga walinena kwamba tumbo lile liliona kinywa kimenyamaza kwa haya, nalo likajifunza kunyamaza. Na matumbo ya wazee wote yakarithi somo hilo. Na tangu siku hiyo, uzee uingiapo, choo huwa kigumu. Mwenyezi Mungu hakuificha tiba yake: maji, mboga, matunda, na mwendo wa taratibu pamoja na mtu asiyenung'unika. Hata hivyo, katika nyumba nyingi yumo mzee anayerudisha kikombe akisema hana kiu, na wanawe humwamini, kwa kuwa kumwamini ni kazi nyepesi.