Fisi na Mazishi ya Farasi wa Kobe

Haya, sogeeni, na mwenye kicheko cha karibu ajizuie, maana leo nasema habari za Fisi, na Fisi hajambo kwa vituko.

Mwaka huo jua lilikuwa limepania. Bwawa lilikauka likabaki matope, matope yakawa vumbi, na hata vyura walihama bila kuaga. Maji yalipatikana mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ng'ambo ya vilima, mwendo wa siku nne kwa miguu ya Kobe. Lakini Kobe hakuwa na wasiwasi, kwa sababu Kobe alikuwa na farasi. Msiniangalie hivyo! Farasi huyo alikuja akichechemea, mwiba umemzama kwenye ukwato, na wanyama wote warefu wakamwonea huruma kutoka juu. Kobe peke yake, aliye karibu na ardhi, ndiye aliyeuona mwiba na kuung'oa. Tangu hapo Farasi akahamia kwake. Kila alfajiri alimbeba Kobe na vibuyu vyake, adhuhuri wamerudi, na mke wa Kobe amepata maji.

Farasi alikuwa muungwana kupita kiasi. Haombi, halalamiki. Ukimuuliza hujambo atasema sijambo, hata kama amekanyagwa na kifaru. Chakula alikula kile alicholetewa bandani, maana kujitafutia vichakani aliona ni utovu wa adabu.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Nyasi mbichi zilibaki mlimani tu, na Kobe akipanda kukata mzigo mmoja, harudi ila jua limezama, naye yuko hoi. Siku moja Fisi akamkuta njiani akiburuta tita lililomzidi ukubwa.

"Lo, Mzee Kobe! Unajiua, na jirani yako nipo?"

"Nifanyeje, ndugu yangu? Farasi lazima ale."

"Tusaidiane basi. Wewe asubuhi nenda naye majini. Jioni niachie mimi. Majani nitaleta, nitamnywesha, nitafagia banda, nitamlaza. Wewe kalale mapema na mkeo."

"Na ujira wako?"

"Ujira!" Fisi akashika kifua. "Mimi na wewe? Sitaki hata unyasi. Ila nina neno moja tu, na Mungu apishe mbali. Ikitokea Farasi akatutoka, usihangaike. Mazishi niachie mimi. Yote. Peke yangu."

Kobe machozi yalimlengalenga. Rafiki gani huyu, anayekufikiria mpaka siku ya msiba! Akampa mkono. Fisi akaupokea huku akimeza mate, na Kobe akadhani ni uchungu.

Basi mambo yakaenda. Kila jua likizama, Kobe, kichwa tayari kimeingia kwenye gamba, alimsikia Fisi mlangoni mwa banda.

"Hujambo, Bi Farasi?"

"Sijambo, ahsante."

"Hata leo?"

"Hata leo, nashukuru."

Kisha Fisi alishusha pumzi ndefu. "Unamsikia anavyomhangaikia?" Kobe akamwambia mkewe.

"Namsikia. Mbona anauliza kama mtu anayesubiri chungu kiive?"

"Wewe nawe una roho mbaya," akasema Kobe, akalala.

Na usafi je! Asubuhi Kobe akiingia bandani, sakafu inang'aa. Siku za kwanza palikuwa na mavi mawili matatu pembeni, lakini kufikia wiki ya pili hapakuwa na hata chembe. Kobe akawa anawasimulia watu njiani kwamba, jamani, Fisi anajua kufagia.

Kweli, Farasi alikuwa amepungua. Safari ya kumalizika adhuhuri ikawa inamalizika alasiri, na siku moja pale kilimani akapiga magoti, vibuyu viwili vikapasuka. Kobe moyo ukampasuka navyo. Bila Farasi hakuna maji, na bila maji yeye na mkewe wasingeiona mvua. "Hujambo, mama?" akauliza. "Sijambo," akajibu Farasi, huku anatetemeka. Kobe akaamini, kwa sababu alitaka kuamini.

Alasiri hiyo hiyo Sungura akaja kuomba funda moja la maji. Kobe akampa, kisha akampeleka akaone banda, maana hakuacha kujivunia. Sungura akatazama mbavu za Farasi, akatazama sakafu, akainama akanusa. Mara akacheka mpaka akakaa chini.

"Unacheka nini?"

"Mzee wangu, banda la farasi halina mavi?"

"Si amefagia!"

"Amefagia nini? Farasi akila, mavi yapo. Akishinda na njaa, hata mimi nitafagia hapa kwa ukucha mmoja."

Kobe akageuka polepole. "Bi Farasi, kweli hupewi chakula?"

Farasi akainamisha kichwa. "Sikupenda kumsema mtu."

Kobe akalia waziwazi, bila haya. Akamweleza Sungura kila kitu, mpaka ile ahadi ya mazishi. Masikio ya Sungura yakasimama.

"Aliahidi mazishi yote? Peke yake?"

"Yote. Peke yake."

"Basi aje azike. Mwambie Fisi apumzike leo. Nitakata majani mimi, Bi Farasi ale. Kesho, mama, utalala kule korongoni, kwenye mchanga, chini ya ule mkuyu ambao bado una majani mabichi. Ufumbe macho."

"Mimi siwezi kusema uongo," akasema Farasi.

"Nani amekuambia useme? Wewe si bingwa wa kunyamaza? Nyamaza."

Kulipokucha Kobe akapiga yowe korongoni. "Farasi wangu jamani! Farasi wangu!" Wala halikuwa yowe la kuigiza. Akizikumbuka zile mbavu, machozi yalimtoka yenyewe. Wanyama wakakusanyika. Simba alifika akauliza kwanza kiti chake kiko wapi, maana Simba hakosi mkutano wowote wa kukaa mbele. Na Fisi, ah, Fisi alikuja mbio, jicho moja linalia, la pili linapima paja.

"Poleni! Poleni sana! Nendeni nyumbani mkapumzike. Niliahidi, nitamzika mwenyewe."

"Umesikia, Mfalme?" Sungura akadakia. "Atamzika hapa hapa, peke yake. Ila sidhani kama atachimba zaidi ya kashimo ka kufika gotini."

Manyoya ya Simba yakasimama. "Kashimo? Kwenye mazishi niliyohudhuria mimi? Chimba mpaka twiga akisimama ndani asionekane! Na haondoki mtu hapa mpaka niridhike."

Fisi akatazama jua, akatazama paja, na paja likashinda. Akaanza kuchimba. Alichimba mpaka adhuhuri, ulimi nje, kucha zinakatika, na kila akichungulia Simba akasema, "Bado." Kobe alikaa ukingoni akitazama. Akajikuta anafurahi, akaona haya, kisha akaacha kuona haya.

Alasiri mchanga ukaanza kutoka na unyevu. Baadaye kidogo ukatoka tope. Halafu maji yakabubujika, yakamfika Fisi magotini, na kuta za shimo zikawa utelezi mtupu. "Maji!" wanyama wakapiga kelele. "Maji jamani!" Sungura akaupapasa mkuyu, akasema, "Mti haubaki kijani bure."

Farasi, aliyekuwa amelala siku nzima kwa adabu, akanusa, akafumbua macho, akasimama.

"Wewe si umekufa?" Fisi akalia kutoka shimoni.

"Hakuna aliyesema hivyo," akasema Farasi.

Kobe akamkimbilia, kama kobe anavyokimbia, akamuuliza kwa mazoea, "Hujambo, Bi Farasi?"

Farasi akafungua mdomo atoe lile neno lake. Akamtazama Fisi. "Sijambo wapi!" akang'aka. "Nina njaa! Wiki mbili nalazwa na njaa, na huyu kila jioni ananijulia hali huku ananitazama mapaja!"

Kicheko kilichopigwa hapo kilimfuata Fisi, alipokwisha kuvutwa kutoka shimoni, mpaka mlimani, kwa sababu Simba, ambaye tayari alikuwa anakiita kisima kile chake, alimwamuru akate majani ya Farasi kila siku mpaka mvua inyeshe. Mke wa Kobe ndiye aliyemsimamia, na mke wa Kobe hana huruma.

Siku hizi Kobe haendi tena ng'ambo ya vilima. Farasi wake bado anaye, na jirani mwingine humsaidia jioni, maana kazi ile kweli yataka wawili. Ila kila asubuhi, kabla ya kumsalimia mtu yeyote, Kobe huingia bandani akatazama sakafu. Akikuta mavi, hutoka anatabasamu. Mimi nimemaliza, na mwenye farasi kwa watu akamtazame.