Ukwato wa Bi Pongo

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema, paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Wewe wa kule nyuma, acha kusinzia. Hadithi hii ni ya waliosinzia, usije ukasema sikukwambia.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na Baraza lao. Kila bonde lilituma mjumbe mmoja. Bonde la Chemka lilimtuma Bi Pongo, yule mwenye madoa meupe ubavuni. Bi Pongo alikuwa na sauti. Akibweka huku, anasikika kule. Ndiyo maana walimchagua.

Basi siku moja kumekucha, chemchemi ya Chemka inatokota. Bwata! Bwata! Bwata! Moto hakuna, maji yanatokota. Tena yananuka kama yai viza! Mtoto wa Mama Digidigi akanywa. Tumbo likamvimba, ndii! Akalala chini, hainuki.

"Bi Pongo!" akalia Mama Digidigi. "Mwanangu ananifia! Maji haya yamefanywa nini? Sisi tulikutuma wewe Barazani. Katuulizie!"

Bi Pongo akanusa maji. Akarudi nyuma. Akatia mguu. Maji ya baridi! Maji ya baridi yanatokotaje?

Akatazama kilimani. Kumbe kilimani kuna shimo, na shimoni yumo Muhanga, pua ndefu, kucha kama majembe. Anachimba. Chaku! Chaku! Chaku!

"Hodi, Muhanga! Unachimba nini?"

"Karibu, mheshimiwa. Nachimba gesi."

"Gesi ndiyo nini?"

"Pumzi ya ardhi. Ukiiwasha inawaka, wala kuni hutaki. Mfalme Simba anaitaka uani kwake."

"Pumzi yako imeingia kwenye maji yetu! Nani kakuruhusu?"

Muhanga akafuta pua. Akamtazama, akamtazama tena. "Mheshimiwa, unaniuliza mimi? Mimi nachimba tu. Ya maji muulize Kiboko, ndiye waziri."

Bi Pongo huyoo, mbio mpaka mtoni. Njiani anasema peke yake: nani karuhusu? Nani karuhusu? Semeni nami: nani karuhusu?

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, mama. Mbona unahema?"

"Muhanga kachimba shimo, maji yetu yameharibika. Wewe ndiye mwenye maji."

"Maji ni yangu," akasema Kiboko. "Shimo si langu."

"Lakini cha shimoni kimeingia majini!"

"Kilichoingia kimetoka shimoni. Na shimo si langu. Nenda kwa Spika." Chubwi! Akazama, yakabaki mapovu.

Bi Pongo akageuka, anawaza. Maji yana mwenyewe. Shimo lina mwenyewe. Sumu peke yake haina mwenyewe? Akalifikiria neno hilo mbele, akalifikiria nyuma, halikukaa. Akaenda hivyo hivyo, nani karuhusu, nani karuhusu, mpaka kwa Korongo, Spika wa Baraza, aliyesimama kwa mguu mmoja.

"Mheshimiwa Spika, nani karuhusu shimo la Chemka?"

"Wewe," akasema Korongo.

"Mimi nani?"

"Wewe Pongo. Mila unaijua. Jambo la bonde haliendi mpaka mjumbe wa bonde hilo apige ukwato wa kwanza, ndipo wenzake wafuate. Siku ile ya jua kali, tumeshakula, tumeshiba, Muhanga alisimama akasema yote. Gesi, kilima, chemchemi. Nikakuuliza, Bi Pongo, wasemaje? Ukapiga. Kwa! Wenzako wakafuata, kwa, kwa, kwa! Tukagawa chumvi ya kikao kama desturi, kila mmoja kwake."

Lo! Chumvi hiyo Bi Pongo aliikumbuka. Bonge jeupe, tamu, alilobeba mpaka nyumbani akawalambisha majirani. Akakumbuka pia jinsi alivyoshtuka usingizini siku ile, akakuta macho yote yanamtazama, akapiga ukwato ili kikao kiishe chumvi igawiwe. Aliulizwa nini? Hakujua. Alikuwa amemfuata mwizi kutwa nzima, na nyayo zimeishia mlangoni kwake.

"Sasa nifanyeje?"

"Ukwato wa mbele hufutwa na ukwato wa nyuma," akasema Korongo. "Kwanza ukiri kosa lako kwa waliokutuma. Kisha uje Barazani, utupe kisogo, upige kwa mguu wa nyuma. Lakini ukishapiga, chumvi ya Baraza huionji tena maisha."

"Nani aliwahi kufanya hivyo?"

Korongo akacheka. "Na chumvi ilivyo tamu? Hajatokea."

Njiani Bi Pongo alitafuta uongo. Niseme ni Kiboko? Niseme Muhanga kanihadaa? Uongo ulikuwa mwingi, kuchagua tu. Akafika Chemka. Bonde zima linangoja. Mtoto bado yuko chini, tumbo ndii.

"Umempata aliyetufanyia haya?" akauliza Mama Digidigi.

"Nimempata."

"Ni nani?"

"Ni mimi," akasema. "Nilisinzia. Niliamka nikapiga ukwato kwa jambo nisilolijua. Nilitaka chumvi."

Maji tu, bwata, bwata.

"Chumvi ile ile," akasema Mama Digidigi polepole, "uliyomlambisha mwanangu?"

"Ile ile."

Mama Digidigi akalia. Alipomaliza kulia akasema, "Twende. Leo nakaa nyuma yako, nikuone."

Wakaenda bonde zima. Bi Pongo akaingia Barazani, akawapa kisogo. Akainua mguu wa nyuma. Kwa! Ukwato wake ulipofutika, na zile zilizoufuata zikafutika. Simba alinguruma, lakini mila ni mila. Muhanga akarudisha udongo shimoni, fu, fu, fu.

Maji hayakutakata siku hiyo. Hata masika yalipita, bado yalinuka kidogo. Mtoto wa Digidigi alipona, ila mpaka leo hanywi mpaka anuse kwanza.

Na Barazani? Jua likiwa kali, wajumbe wameshiba, Spika akiuliza, Bi Pongo husimama. "Umesema nini? Rudia." Wenzake huguna, chumvi inawangoja. Yeye haimngoji.

Basi jueni, wakubwa kwa wadogo: ukikabidhiwa sauti ya watu, usiitoe ukiwa usingizini. Na kabla hujauliza nani karuhusu, kumbuka mguu wako ulifanya nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe wa kule nyuma, nimesema nini? Rudia.